Bawa la Kwenda Polepole

Juzi nilikwenda Migori mjini kwa fundi wa mabango, anikatie herufi za kupamba ukumbi wa harusi ya binti wa jirani. Fundi huyo hukata kwa waya uliopashwa moto. Alipougusisha waya kwenye lile bamba jeupe, jepesi, la aina ile inayokuja imezunguka televisheni ndani ya katoni, kulitoka moshi mwembamba wenye harufu kali, na mwisho wa ukali ule utamu fulani, kama sukari iliyoungulia ndani ya plastiki. Nilisimama palepale. Fundi akadhani moshi umenishika kifua.

"Madam, toka nje kidogo. Hii kitu si nzuri."

Nikamwambia sina neno, aendelee tu. Sikutaka kutoka. Nilikuwa nimekwisha kufika Kendu Bay, jikoni kwetu, na kaka yangu ameushika waya kwa koleo, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo kama kawaida yake akiwa kazini, na mimi nimekaa kwenye gunia la makaa nimenuna.

Ochieng alikuwa mkubwa wangu kwa kiasi cha kunishinda kila kitu isipokuwa mbio. Hilo moja nilimshinda, na si kwa sababu nilikuwa hodari. Ochieng hakukimbia. Alizaliwa na ugonjwa ambao nyumbani tuliuita "ule ugonjwa wake", kana kwamba ameupata peke yake duniani. Maumivu yalikuja bila hodi. Yalimshika mapajani, au mgongoni, au kwenye vidole vya mikono, naye akajikunja kitandani ameuma ncha ya blanketi, kwa sababu hakutaka Mama amsikie akilia. Mama alimsikia hata hivyo. Baba alikuwa mlinzi mjini mbali, akija Krismasi, kwa hiyo Mama alisikia kwa niaba ya wote wawili, na asubuhi akaenda kuuza omena wake, wale dagaa wa ziwani, sokoni na macho mekundu.

Kwa kuwa hakukimbia, nilikimbia mimi. Mpira ukivuka ua, niliufuata mimi. Tiara ikinasa juu ya mti, nilipanda mimi. Akitaka kuona kitu kilicho upande wa pili wa barabara, nilikwenda kukitazama nikarudi kumsimulia, na nilisimulia kwa kina, hata rangi ya viatu vya watu sikuiacha. Hakuna aliyenituma kazi hiyo. Niliiona ni cheo. Watoto wengine walikuwa na kaka tu. Mimi nilikuwa na kaka anayenihitaji.

Ninyi wa rika langu labda mnakumbuka jinsi michezo ilivyokuja shuleni kama homa. Muhula huu ni gololi, muhula ujao hakuna anayezitaka. Kwetu muhula mmoja ikaja homa ya ndege. Wavulana waliokota vipande vya povu gumu ufukweni, kwenye makasha mabovu ya kubebea samaki. Tuliliita povu tu. Walilichonga kwa wembe likawa ndege ya kutupa kwa mkono, na sheria ikatungwa bila mtunzi kujulikana: ukiirusha, uikimbilie mwenyewe, uidake kabla haijagusa chini. Hakuna aliyeweza. Ndege zile zilikuwa na mabawa bapa, zilichomoka kama mshale na kuanguka mbali, na mrushaji alifika akihema akaikuta imelala nyasini kifudifudi.

Ochieng aliirusha yake, nikakimbia mimi. Siku moja mvulana mmoja wa darasa lake akasema kwa sauti, "Huyu si rubani, huyu ni chifu. Anatupa, halafu anatuma mtu."

Uwanja mzima ukacheka. Nami nikacheka, nikiwa nimesimama huko mbali na ndege mkononi. Nilifikiri tumesifiwa. Chifu! Nilirudi mbio kumpa Ochieng ndege yake na kumwambia alivyoitwa, kama hakusikia. Aliipokea, akaiweka mkobani, na hakuirusha tena.

Mvua zilipoanza, maumivu yalimshika vibaya kuliko siku zote. Mama akatufungia nguo kwenye leso na tukaenda Homa Bay, kwenye hospitali kubwa. Mimi nilichukuliwa kwa sababu hapakuwa na wa kuniachia. Ochieng akatundikiwa maji, na kwa siku za kwanza hakusema lolote ila kuomba ageuzwe. Kitanda chake kilikuwa kando ya ukuta wenye picha kubwa ya mishipa ya damu na chembe zake.

Aliyemhudumia alikuwa kijana mrefu, mwenye koti fupi kuliko mikono yake. Tulimwita Daktari Chacha. Kwao ni Kegonga, upande wa Wakuria, na Kijaluo chake kilikuwa salamu tu, basi tulizungumza naye Kiswahili, Mama kile cha sokoni na sisi kile cha shule. Mama alimuuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba miaka mingi.

"Daktari, nielezee polepole. Ni nini hii iko ndani ya mtoto wangu?"

Daktari Chacha hakuharakisha. Alimpeleka penye ile picha ukutani. "Mama, ugonjwa huu unaitwa selimundu. Damu ya kawaida, ukiikuza hivi, ni mviringo kama chapati ndogo. Inateleza, inapita. Ya huyu, nyingine imepinda kama mundu. Ikifika mahali pembamba inakwama, na hapo ndipo anaumwa. Si kosa lako, na si kosa lake. Maji mengi, asipigwe na baridi, asichoke kupita kiasi."

Mama aliitikia kwa kichwa, akarudia, "Si kosa langu," kama mtu anayekariri njia ili asipotee. Lakini mimi nilibaki kwenye mundu. Niliujua mundu. Bibi alikuwa nao, wa kukatia nyasi za kuezekea, wenye meno madogo upande wa ndani, na tulikatazwa kuugusa. Sasa nikaelewa kila kitu. Ndani ya kaka yangu kulikuwa na miundu, mingi, midogo, nayo ikitaka inaamka na kufyeka. Nilitazama zile alama nyekundu ukutani zilizopinda na nikaona nimewafahamu maadui kwa sura.

Maumivu yalipoanza kulegea, Ochieng aliomba karatasi. Akakunja ndege, akairusha kutoka kitandani, ikagonga ndoo. Daktari Chacha aliyekuwa akipita akaiokota, akaitazama mbele na nyuma.

"Wewe unapenda ndege?"

"Napenda, Daktari."

"Hata mimi. Chuoni tulikuwa kikundi, tunaunda ndogo ndogo, Jumamosi tunazirusha. Shida yako si kukunja. Shida ni bawa." Akavuta kiti. Siku hiyo ndipo nilipomwona mtu mzima akikaa kuzungumza na Ochieng bila kumuuliza panauma wapi. Alichukua ganda la katoni ya dawa, akatoa kalamu. "Chukua bawa, ulikate kama mkate. Ule uso unaobaki pale kisu kimepita, ndio nataka uutazame. Huo ndio unaoamua ndege itaruka namna gani."

Akachora nyuso tatu. Wa kwanza ulikuwa mwembamba, sawa juu na chini, kama mbegu ya tikiti. "Hili linapenda mbio. Ukilirusha polepole linaanguka." Wa pili ulikuwa bapa chini na mgongo juu, kama nusu ya embe uliyoilaza mezani. "Hili ni la mtu mpole. Linasamehe makosa." Wa tatu ulikuwa mwembamba na umepinda wote, juu umetuna na chini umebonyea, kama kiganja ukikikunja kuteka maji. "Na hili linaishika hewa. Linabebwa na upepo kidogo tu. Halina mbio kabisa. Mtu hulitumia akitaka ndege ikae juu."

Ochieng aliitazama michoro ile kwa muda. "Gani inaenda pole zaidi?"

"Ya tatu. Lakini vijana wote hutaka ya kwanza. Mbona wewe unataka ya pole?"

Ochieng alinitupia jicho, kisha akatazama blanketi. "Nataka tu."

"Si hiyo!" nilisema. Nadhani nilipiga kelele, kwa sababu mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka. Mchoro wa tatu ulikuwa mundu. Ulikuwa palepale kwenye katoni, na mwenzake ukutani juu ya kichwa cha kaka yangu, na hawa wawili hawaoni! "Chukua ya kwanza, Ochieng! Si hiyo!"

Daktari Chacha akacheka. "Huyu dada yako ni wa mbio." Mama akanishika mkono akanitoa nje nikanywe uji. Sikuweza kusema nilichokijua. Nilihisi nikikitamka, miundu itasikia.

Tulipotoka hospitalini Daktari alimpa Ochieng maboksi mawili ya povu yaliyokuja na dawa za kuwekwa baridi, safi, yasiyonuka samaki. Nyumbani Ochieng alianza kazi. Alipasha waya kwenye jiko, akakata povu mabamba membamba kama ukoko wa ugali, na jikoni kukajaa ile harufu. Mama alilalamika inaingia kwenye omena. Kisha Ochieng akachukua chupa ya chai, akaijaza maji moto, akalaza bamba juu ya tumbo la chupa na kulishikilia kwa kitambaa alichokilowesha maji yale hadi likapinda na kubaki limepinda. Aliniomba nishike upande mmoja. Nikakataa. Sikuwa nimewahi kumkatalia jambo. Nikakaa kwenye gunia la makaa na kumtazama akijitengenezea mundu mkubwa, mweupe, kwa mikono yake mwenyewe.

Ndipo Mama, aliyekuwa akipepeta omena mlangoni, akaweka ungo chini. "Wewe una nini? Tangu Homa Bay umekuwa kama mtu aliyemeza jiwe."

Nikalia. Nikasema yote pamoja, yakatoka yamechanganyika: kwamba ile iliyopinda ndiyo iliyo ndani yake, kwamba Daktari alisema mwenyewe, kwamba zilizo ndani zinatosha, mbona anaunda nyingine nje.

Mama hakucheka. Kwa hilo namshukuru hadi leo. Alimtazama Ochieng, na Ochieng alikuwa ameshikilia chupa ya chai kifuani, mvuke unamgonga kidevuni.

"Nyamera," aliniita. Hivyo ndivyo Mjaluo anavyomwita dada yake anapotaka amsikilize. "Njoo uone."

Alikuwa na vipande vilivyobaki. Akakata kimoja bapa, kimoja akakipinda, vyote urefu wa kiganja, akavibandika udongo kidogo mbele. Akapanda juu ya kigoda. Kile bapa kilichomoka, kikagonga mlango. Kile kilichopinda akakiachia tu, hakukisukuma. Kikakaa hewani. Sijui neno lingine. Kilishuka kama kinashuka ngazi ambazo sisi hatuzioni, kikapita juu ya jiko, kikainuliwa kidogo na joto lake, kikaja hadi kwangu, nikakipokea bila hata kunyoosha mkono.

"Unaona? Kwenye damu, kupinda ni kubaya. Hapa kupinda ndiko kunashika hewa. Ni umbo tu, nyamera. Haina roho mbaya."

Niliweza kulikubali hilo, kwa sababu kilikuwa mkononi mwangu, chepesi, na hakikuuma. Lakini palepale nikaona jambo jingine, na hilo lilinichoma zaidi. Ndege ya pole namna ile hata mtu anayetembea angeidaka.

"Unataka uidake mwenyewe," nilisema.

Akashuka kwenye kigoda.

"Sasa mimi nitafanya nini?"

Ochieng alikuwa mtoto pia. "Sijui," alisema. "Lakini nimechoka kuitwa chifu."

Basi ndivyo nilivyojua kwamba hatukuwa tumesifiwa. Nilikumbuka kicheko changu huko mbali uwanjani, na masikio yakapata moto. Nikaenda nikashika upande wa pili wa bamba.

Mama ndiye aliyekuwa mgumu. Uwanja wa shule ni mpana, jua ni kali, na si juzi tu alikuwa akitundikiwa maji? Ochieng hakubishana kwa sauti. Alimwambia, "Mama, sitakimbia. Nitatembea tu, kama ninavyotembea kanisani." Mama akasema hapana. Kesho yake akasema tutaona. Siku ya kufunga shule akatuamsha mapema, kwa kuwa asubuhi ziwa huwa limetulia na upepo haujaanza, akavaa kitambaa chake cha kichwani cha Jumapili, akachukua chupa ya maji na sweta, akafuatana nasi. Hakwenda sokoni siku hiyo.

Wavulana walikuwa wamekwisha kukusanyika na ile mishale yao ya povu. Walipoiona ndege ya Ochieng, yenye mabawa marefu yaliyopinda kama ya ndege mzee anayekausha manyoya, waliulizana kama ni mwavuli. Ochieng aliirusha. Ikanyanyua pua, ikasimama hewani kama imesahau kitu nyumbani, kisha ikaanguka kwa mkia. Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Nilimwona Mama akiishika chupa ya maji kwa mikono miwili.

Ochieng alikwenda akaiokota, kwa mwendo wake. Akaiweka juu ya vidole viwili, chini ya mabawa, akaona inalemea nyuma. "Udongo," aliniambia, nami nilikuwa nao mfukoni, nimeubeba tangu nyumbani bila kuambiwa. Akabandika puani. Akaipima tena. Akaongeza kidogo tena.

Safari hii hakuitupa. Aliisukuma mbele kama unavyomwachia mtoto anayejifunza kutembea. Ndege ikashuka kidogo, mabawa yakaishika hewa, ikalala juu yake. Miguu yangu ilikwisha kuanza kukimbia kabla sijaiambia. Mama akanishika gauni kwa nyuma.

"Mwache," alisema.

Ochieng alikuwa akitembea. Alitembea ameinua uso, mikono ameiachia pembeni, na ndege ilikuwa mbele yake hatua chache, juu kidogo ya kichwa chake, wala haikumtoroka. Ilielekea kushoto kidogo, naye akaelekea kushoto. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Wavulana walianza kumfuata kwa mbali, nao wakitembea, kwa sababu lingekuwa jambo la ajabu kukimbia. Walivuka magoli ya kwanza. Ndege ikaanza kushuka, usawa wa paji la uso, usawa wa kifua. Ochieng aliongeza hatua moja ndefu, akaweka viganja chini yake, akaipokea.

Hakuna aliyeshangilia mara moja. Nadhani walikuwa wakitafuta kosa katika sheria. Halafu yule mvulana aliyemwita chifu akasema, "Ameidaka. Haijagusa chini." Akasogea akaomba aguse bawa, akapitisha kidole chini yake, pale palipobonyea, akauliza, "Hii ulipinda na nini?"

"Chupa ya chai," Ochieng alisema.

Wiki ile nyumba nyingi za Kendu Bay hazikunywa chai moto, maana chupa zilikuwa na kazi nyingine. Ochieng alikaa kivulini mwa ukuta wa darasa akiwaonyesha, naye Mama akimletea maji kila baada ya muda. Mimi siku ile nilirusha ndege kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilikuwa nimezikimbilia nyingi, sikuwa nimewahi kurusha hata moja. Yangu ilimgonga Mama begani, naye akaiokota, akaitazama mbele na nyuma kama mtu anayetaka kumjua samaki umri, akairudisha kwa kuirusha.

Wanaomjua Ochieng leo wanamjua kama mwalimu wa fizikia huko Rongo, mwenye watoto wawili na mazoea ya kubeba maji kila aendako. Maumivu hayakumwacha. Yamerudi mara nyingi, mengine mabaya kuliko yale ya Homa Bay, na dawa za siku hizi zimemsaidia kuliko tulivyothubutu kutumaini. Mimi nilijifunza polepole kumpenda bila kumkimbilia kila kitu, na sikujifunza kwa siku moja. Kwa miaka mingi bado niliinuka akikohoa.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni jioni ya siku ile. Tulirudi nyumbani, Mama akamlaza mapema, akamfunika blanketi mbili ingawa kulikuwa na joto, akawasha taa, akakaa upande mmoja wa kitanda. Mimi nikakaa upande wa pili. Hatukuambiana, lakini sote tulikuwa tukingoja maumivu, kama unavyomngoja mgeni aliyekwisha kutuma salamu. Mama alimgusa paji la uso. Akamgusa miguu. Nikasikiliza pumzi zake. Muda ukapita. Nje watu waliacha kupita barabarani.

Ochieng alifumbua jicho moja, akamtazama Mama, akanitazama mimi, akajifunua zile blanketi.

"Mbona mnanikodolea macho?" aliuliza. "Kwani leo hatuli?"